Tanzania na Misri: Udugu wa Elimu na Mkataba wa Maji ya Nile

Anayekaa katika baraza za Kariakoo baada ya Swala ya Alasiri hakosi kuisikia Misri ikitajwa kwa wema. Ni nchi ya Al-Azhar, walikosoma baadhi ya masheikh wetu. Ndiyo iliyoanza kututangazia kwa Kiswahili kutoka Cairo mwaka 1954, mkoloni angali anatutawala. Rais Gamal Abdel Nasser mwenyewe alifika Dar es Salaam mwaka 1966.

Lakini udugu huo ulikuwa umekwishapimwa kwa jambo zito, nalo ni maji. Mwaka 1929 Uingereza iliandikiana na Misri kwamba katika nchi zilizo chini yake pasijengwe kitu juu ya Nile na maziwa yake kitakachopunguza maji ya Misri, ila kwa idhini ya Misri. Tanganyika, yenye karibu nusu ya Ziwa Victoria, haikuulizwa. Mwaka 1962 serikali ya Mwalimu Nyerere ikaziarifu Uingereza, Misri na Sudan kuwa haifungwi na mkataba ule. Misri haikukubali.

Je, huko ni kuvunja ahadi? Wapo wanaoielekeza hapa aya ya kwanza ya Suratul Maida, inayoamrisha kutimiza ahadi. Lakini ahadi humfunga aliyeahidi. Mafaqihi wana mlango wa fudhuli, yaani mtu anayeuza mali ya mwenzake bila kutumwa. Imamu Shafi'i, katika kauli yake mpya, anasema mauzo hayo ni batili. Wahanafi na Wamaliki huyasimamisha mpaka mwenye mali aridhie, kwa hoja ya Hadithi ya Urwa al-Bariqi, aliyepewa dinari na Mtume (s.a.w.) anunue mbuzi, akanunua wawili, kisha akamuuza mmoja kwa dinari, na Mtume akamwombea baraka. Kwa kauli zote mbili, mwenye mali asiporidhia hakuna mkataba.

Qiyasi hiki kina upungufu, nakiri. Fudhuli hana mamlaka yoyote, na Mwingereza alikabidhiwa Tanganyika na Ligi ya Mataifa. Ila alikabidhiwa kuisimamia, na hata walii wa yatima haruhusiwi kuitoa mali ya yatima pasipo maslahi yake.

Mwaka 2010 Tanzania ilisaini huko Entebbe mkataba mpya wa bonde la Nile. Misri ikakataa kusaini. Hata hivyo, Desemba 2018, ni makampuni ya Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, yaliyopewa kazi ya kujenga Bwawa la Mwalimu Nyerere la megawati 2,115, katika mto Rufiji, ambao haumwagi hata tone moja katika Nile.