Nyumba Haikuwahi Kuwa Salama, Tulikuwa na Watu

Nina kovu kwenye mkono wa kushoto, kubwa kama ile shilingi ishirini. Nilikuwa na miezi tisa, ndio nimejua kutambaa, nikaenda moja kwa moja hadi kwa jiko la makaa. Siku hiyo ploti nzima ilimlaumu mathee. Sasa mtoto wa dada yangu ameanza kutambaa, kwa keja ya chumba kimoja hapa Mumbuni, na jiko liko palepale sakafuni.

Nikafungua simu kutafuta ushauri. Weka geti kwenye ngazi. Ngazi gani? Geuza mpini wa sufuria uangalie ukutani. Wasee, sufuria zetu hazina mpini! Nikaamua kumuuliza susu: kwani nyinyi zamani mlifanyaje?

Alicheka. Kwao moto ulikuwa chini, kati ya mafiga matatu, wazi kabisa. Lakini mtoto alikuwa mgongoni. Akishushwa, anakabidhiwa dada yake wa miaka saba au nane, na huyo dada anajua hiyo ndiyo kazi yake. Hawakubadilisha nyumba. Waliweka mtu katikati ya mtoto na moto.

Basi huyo mtu alienda wapi? Hapa ndio historia inanoga.

Mwaka 1974 serikali iliondoa karo darasa la kwanza hadi la nne. Ada nyingine zikarudi polepole, mpaka Januari 2003 shule za msingi zote za umma zikawa bila karo. Yule dada mlinzi akavaa yunifomu akaenda darasani. Na ni poa sana, sitaki asikae huko. Lakini hakuna aliyeuliza nani atashika zamu yake. Wakati huohuo, akina mama walihamia mjini kutafuta kazi, na susu akabaki kijijini.

Miaka hiyohiyo ya sabini, watafiti walikuwa wakifuatilia afya ya watoto huku kwetu, Matungulu na Mbiuni. Macho yao yalikuwa kwa surua, kifaduro na kuhara. Na walikuwa sahihi, kwa sababu hayo ndiyo yalikuwa yanaua. Mwaka 1980 Kenya ikaanzisha mpango wake wa kitaifa wa chanjo. Surua ina sindano. Uji unaochemka hauna.

Vifaa pia vina historia. Mwanzoni mwa miaka ya themanini lilikuja lile jiko la bati lenye udongo ndani, lililoboreshwa hapa Kenya kutoka kwa jiko la Thailand. Lengo kubwa lilikuwa kuokoa makaa. Kitako chake kipana kinalisaidia lisianguke ovyo, lakini bado linakaa chini, urefu wa mtoto anayetambaa. Halafu kuna mafuta taa. Tunayanunua kwa chupa ya soda, tunaiweka kwa kona, na mtoto anaona soda.

Huko Windsor, Kanada, mwaka 1967, daktari wa watoto Henri Breault alichoka kutibu watoto waliomeza dawa. Akasukuma kitumike kifuniko cha chupa ambacho lazima ukikandamize ndio kizunguke. Visa vya sumu eneo lake vikashuka sana, na mwaka 1970 Marekani ikapitisha sheria ya vifuniko vya aina hiyo. Angalia alichofanya. Hakuwaambia akina mama wawe makini zaidi. Alibadilisha kifuniko.

Hiyo ndiyo pointi yangu. Mtoto akiungua, sisi hukimbilia swali moja: mamake alikuwa wapi? Alikuwa anapika, anafua, anahesabu pesa ya rent, yote peke yake. Kazi ya watu watatu tumempa mmoja, halafu tunashangaa akigeuka sekunde mbili.

Na hii si stori ya familia tu. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazitaja nyumba za kulelea watoto kuwa kazi ya kaunti. Next time mwanasiasa akija kuomba kura Katoloni au Mumbuni, muulize ziko ngapi.

Kwa sasa, tumefanya tunachoweza. Jiko limetoka nje kwa veranda. Fundi ametukatia mbao ya kuziba mlango, inafika magotini, mtoto anabaki ndani akitupigia kelele. Mafuta taa yako kwa mtungi wenye kifuniko, juu ya kabati. Na jirani, mama mzee wa mlango wa pili, amekubali kukaa naye dada akipika. Mimi namlipa kwa kumchotea maji.

Kati ya hayo yote, huyo jirani ndiye ninayemwamini zaidi.