Kurudishiwa Mifugo: Historia ya Waturkana na Njaa

Katika historia ya wafugaji wanaohamahama, njaa haianzi siku mvua inapokosekana, bali siku jamaa inapopungukiwa na wanyama wa uzazi. Mvua ikirudi, majani huota. Lakini aliyebaki na mbuzi watatu hana kundi la kuyala. Jambo hilo ladhihirika katika habari za Waturkana wa kaskazini-magharibi mwa Kenya.

Zamani aliyefilisika hakuachwa. Kama P. H. Gulliver alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1955, kila mwanamume wa Kiturkana alikuwa na ndugu, wakwe na marafiki aliopeana nao wanyama, na siku ya shida aliwaendea kuomba. Mnyama aliyetolewa hakuwa sadaka. Alikuwa akiba iliyowekwa mahali ambapo huenda ukame usifike. Hata hivyo, desturi hiyo ilikuwa na mpaka wake: pigo likiwapata wote kwa pamoja, hapakuwa na wa kuombwa.

Ndivyo ilivyotokea. Ukame wa miaka ya 1960-61 uliwasukuma watu wengi katika kambi za chakula. Serikali na wafadhili wakaona dawa ni kuwatafutia kazi nyingine: baadhi wakafundishwa kulima kwa maji ya mto Turkwel, wengine kuvua samaki ziwani. Kiwanda cha samaki cha Kalokol, kilichojengwa kwa fedha za Norway na kumalizika mwaka 1981, kilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Nayo Ghuba ya Ferguson, iliyotegemewa na wavuvi, ikakauka katikati ya miaka ya 1980. Wakati huohuo ukame mpya, maradhi ya mapafu ya mbuzi, na uvamizi uliozidishwa na silaha zilizoporwa Moroto baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, vilikwisha kuzijaza kambi tena.

Hapo ndipo Oxfam ilipojaribu njia nyingine kaskazini mwa Kenya: kuzipa jamaa zilizofilisika mbuzi na kondoo, punda wa mizigo, na chakula cha miezi ya mwanzo ili zisilazimike kuchinja mtaji. Mbuzi walitangulizwa kwa kuwa hubeba mimba miezi mitano, hali ng'ombe hubeba tisa. Njia hiyo ilikuwa ya gharama, haikuwafikia wote, wala isingefaa pasipo malisho, dawa na amani. Lakini faida yake haikuwa maziwa peke yake: mwenye kundi aweza tena kulipa mahari, kumwazima jirani, na kuombwa.

Waswahili husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kosa la miaka ile halikuwa kumpa mgeni jembe, bali kudhani kwamba jembe la kila mtu ni la chuma. Jembe la Mturkana lilikuwa mbuzi jike.