Kwinini, Wapagazi na Hesabu ya Vita Chini ya Milima ya Upare

Imezoeleka kusemwa kwamba vita ndivyo huisukuma sayansi mbele, na ushahidi hutolewa haraka: ndege, rada, dawa za kuzuia maambukizi. Hoja hiyo ina mashiko ikisomwa kutoka London au Berlin. Ikisomwa kutoka Kighare, katika milima ya Upare, au kutoka vituo vya reli vya Same na Makanya, inaacha nje jambo kubwa mno. Katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi waliokufa chini ya milima hii na kusini yake hawakufa kwa sababu ugunduzi ulikuwa bado. Walikufa huku ugunduzi ukiwapo, kwa kuwa majina yao hayakuwamo katika orodha ya waliostahili kuupata.

Maarifa na silaha vilijuana Upare kabla ya reli. Huko Ugweno, katika Upare Kaskazini, wahunzi wa ukoo wa Washana waliyeyusha chuma, na tanuru lile lile lililotoa jembe ndilo lililotoa mkuki. Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa wateja wao wakubwa. Hata utawala wa Ugweno ulikuwa mikononi mwa wahunzi hao, hadi ukoo wa Wasuya ulipowapindua. Nalitaja hili kwa sababu baadhi ya maandishi bado yanaichukulia Afrika kama uwanja ambao teknolojia iliuangukia kutoka juu.

Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, ikipita magharibi ya milima yetu. Mei 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliteremka kwa safu tatu: moja ikifuata reli, ya pili ikiambaa na mto Ruvu, yaani Pangani, na ya tatu ikitokea Mbuyuni kupitia pengo la Ngulu, kati ya Upare Kaskazini na Upare ya Kati. Yalikuwa na kila kilichokuwa kipya: ndege za kikosi cha 26 cha Uingereza, magari ya deraya, malori, simu za upepo. Wajerumani nao walikuwa wameopoa mizinga 10 ya manowari Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915 kwa msaada wa ndege zilizoelekeza shabaha. Mmoja wa mizinga hiyo ulifyatuliwa kutoka Kahe. Kila waliporudi nyuma waling'oa mataruma na kubomoa madaraja. Kituo cha reli cha Mombo kilichukuliwa na Waingereza tarehe 9 Juni.

Hapo ndipo mashine zilipokwama. Rubani aliruka juu ya pori asione kitu chini yake. Lori lilizama katika matope ya masika. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa mikokoteni waliangamizwa na mbung'o kwa makumi ya maelfu kabla mwaka haujaisha. Kilichobaki kubeba risasi, unga na vipuri vya hizo mashine ni kichwa na bega la mtu. Waingereza waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika kampeni nzima, wengi kwa kulazimishwa, na makadirio yanayotajwa sana ni kwamba 95,000 kati yao walikufa, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao. Kadiri silaha ilivyokuwa ya kisasa ndivyo ilivyodai mizigo mingi zaidi, na mizigo ikarudi kwa mtu asiye na viatu.

Je, madaktari hawakujua? Walijua. Ronald Ross alithibitisha mwaka 1897 kwamba malaria huenezwa na mbu, na hakuwa vitani. Taasisi ya Amani, katika milima jirani ya Usambara, ilianzishwa mwaka 1902 na ilikuwa na misinkona yake. Meli za Uingereza zilipofunga pwani, magome ya miti hiyo ndiyo yaliyowapa Wajerumani kwinini, dawa ya malaria. Wapare wenyewe walikuwa wamejenga juu mlimani vizazi na vizazi, wakiiogopa homa ya tambarare. Hata hivyo kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini, kilichoanza Februari 1916 na watu 1,135, kilibaki na 116 wenye nguvu za kusimama ilipofika Oktoba. Kama Mzungu mwenye bunduki alifikia hapo, mpagazi, aliyekuwa wa mwisho kwa chakula, kwa blanketi na kwa dawa, alikuwa na tumaini gani?

Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa popote kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kutohesabika huko hakukuanzia makaburini. Kulianzia kwenye mgawo wa vidonge.

Mtetezi wa vita atanijibu kwa DDT. Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, majeshi ya Vita Kuu ya Pili yakaieneza, na baada ya vita hivyo dawa za ukoo huo zikawafikia raia. Ni kweli, na Upare ni shahidi. Mpango wa Malaria wa Pare-Taveta, ulioendeshwa na watafiti wa Amani kuanzia 1954, ulipulizia nyumba za tambarare ya Upare Kusini na Taveta dawa ya dieldrin kuanzia 1955. Malaria ilishuka sana, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Safari hii watu wa tambarare walihesabiwa: kila kaya, kila mtoto, kila tone la damu chini ya hadubini. Lakini walihesabiwa kama jaribio, na jaribio lina tarehe ya kwisha. Fedha za vita vya 1916 ziliendelea kupatikana hadi adui alipoweka silaha chini. Za mbu zilikuwa na kikomo tangu mwanzo. Upuliziaji ulikoma mwaka 1959. Mbu aina ya funestus, aliyekuwa ametoweka karibu kabisa katika nyumba zile, alichukua miaka kadhaa kurudi. Alirudi.