HISTORIA: KUTOKA VIJITI VYA ATARI HADI MIGUU INAYOKANYAGA KWELI, SAFARI YA MAGEMU YA KIKAPU

Ukimuona leo jamaa kwenye NBA 2K anachomoka na mpira, anafunga breki ghafla na beki anapepesuka, unaweza kudhani mambo yalikuwa hivi tangu zamani. Wapi! Kumfanya mtu wa kwenye skrini atembee kama mtu kumechukua zaidi ya miaka 40, na kuna gemu zima lilikufa njiani.

Mwaka 1978 Atari walitoa Basketball kwenye mashine ya Atari 2600. Mmoja kwa mmoja, vijitu viwili kama vijiti, basi. Hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyetegemea uhalisia.

1993 likaja NBA Jam, wawili kwa wawili. Watengenezaji walirekodi video za watu halisi wakicheza, kisha wakazigeuza kuwa wachezaji wa kwenye gemu. Miili ikawa ya kweli, lakini mwendo ukabaki wa sinema: mtu anaruka juu kuliko ringi, anajipindua hewani, anadanki. Raha tupu, ila uwanjani hakuna kitu kama hicho.

Baadaye ikashika kasi teknolojia ya kunasa mwendo. Mchezaji anavaa nguo ya kubana yenye vidoti, kamera zinamzunguka, na kila hatua yake inaingia kwenye kompyuta. NBA 2K la kwanza, lililotoka 1999 kwenye Dreamcast, ni mtoto wa zama hizo.

Kumbe hapo ndipo shughuli ilipoanza. Mwendo ulionaswa ni kipande, kina mwanzo na mwisho. Kikichezwa chote, mchezaji anapendeza lakini hakusikii; unabonyeza pedi, yeye anamalizia kwanza mambo yake. Kikikatwa katikati, anakutii fasta, ila miguu inateleza kama yuko kwenye barafu. Yaani ukipata uzuri unapoteza utii, na ukipata utii unapoteza uzuri.

Mwaka 2010 EA Sports waliamua kuuvunja mtego huo. NBA Elite 11 lilipunguza vipande vya kurekodi na kuiachia fizikia iamue miili inavyogongana. Wazo zuri, ila demo ilipotoka mashabiki wakakuta vituko. Kwenye video moja iliyosambaa sana, mchezaji mmoja kasimama katikati ya uwanja, mikono kainyoosha pembeni kama msalaba, huku wenzake wanaendelea na mechi! Siku chache kabla ya kuingia sokoni gemu likaahirishwa, kisha likafutwa kabisa. Nakala chache zilizoponyoka leo zinawindwa na wakusanyaji. EA hawakurudi na gemu la NBA la kuiga uhalisia hadi 2013, na huku nyuma 2K wakajitawalia.

Mwaka 2023, NBA 2K24 likaleta ProPLAY, mfumo unaochukua video za mechi halisi za NBA na kuzigeuza moja kwa moja kuwa mwendo wa kwenye gemu. Staa hahitaji tena kuvaa vidoti ili mtindo wake wa kurusha uingie humo.

Lakini swali la zamani bado lipo palepale: mchezaji atembee kama kwenye TV, au akutii papo hapo ukigusa pedi? Wewe unachagua kipi? Dondosha maoni yako hapo chini.