Rejeta: Mahali pa Chombo na Fasili Yake

Katika rasimu moja ya istilahi za magari tuliyoipitia, rejeta ilifasiliwa kuwa "chombo kiwekwacho mbele ya injini ya gari ili kupoza maji yake." Fasili hiyo ilipita mikononi mwa watu watatu bila kupingwa, nasi tukiwamo. Kasoro yake ilifichuliwa na mfasiri aliyekuwa akitafsiri mwongozo wa mafundi wa Marekani, unaoeleza jinsi ya kuing'oa rejeta mbele ya gari la porini na kuifunga upande wa nyuma, juu ya bodi. Alituuliza: ikiisha kuhamishwa, chombo hiki kiitweje? Kwa mujibu wa rasimu yetu, kingekoma kuwa rejeta mara tu fundi akazapo boliti ya mwisho.

Tulipoitazama historia ya chombo chenyewe tuliona kwamba swali hilo lingaliweza kuulizwa tangu zamani. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 halikuwa na rejeta kama tuijuavyo. Maji yalichemka, yakapotea kwa mvuke, na dereva akalazimika kuongeza mengine. Mabadiliko makubwa yalikuja mwishoni mwa mwaka 1900, Wilhelm Maybach alipoliundia gari la Mercedes 35 HP rejeta ya mfano wa sega la nyuki, yenye vijibomba 8,070 vya mraba, kila kimoja milimita 6 kwa 6. Maji yaliyohitajika yalipungua kutoka lita 18 hadi lita 9. Rejeta hiyo ilikaa mbele kabisa, penye upepo, na tangu hapo watengenezaji wengi waliifanya kuwa uso wa gari, wakabandika juu yake nembo zao. Bila shaka uso huo ndio uliowadanganya walioandika rasimu yetu.

Lakini si wote waliofuata mtindo huo. Magari ya Renault ya mwanzoni mwa karne ya 20, yakiwamo yale ya teksi yaliyopeleka askari wa Ufaransa kwenye mapigano ya Marne mnamo Septemba 1914, yalikuwa na rejeta nyuma ya injini, mbele ya miguu ya dereva, na boneti iliyoteremka kwa mbele. Lori la Mack AC lililotoka Marekani mwaka 1916 lilijengwa vivyo hivyo, rejeta ikifichwa nyuma ya injini isipate kugongwa. Pua yake bapa ndiyo iliyolipatia jina la Bulldog, na inasimuliwa kwamba waliolibatiza ni askari wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kwa fasili yetu, lori hilo lililobeba mizigo mizito kwa miaka mingi halikuwa na rejeta hata siku moja!

Hatua ya kuipeleka rejeta mbali zaidi, nyuma ya migongo ya abiria, imepata umaarufu katika mbio za jangwani. Mbio za Baja huko Mexico zilianza mwaka 1967, na mwaka 1994 likaanzishwa daraja la magari liitwalo Trophy Truck. (Tuseme hapa kwamba neno la Kiingereza tulilozoea kulitafsiri "lori" huko Marekani linajumuisha pia pikapu, mfasiri wetu aliandika lori, na michoro ya mwongozo ikamsuta.) Katika magari hayo rejeta aghalabu hufungwa nyuma, juu. Sababu zake ni za kifundi. Mbele ndiko kunakopigwa mawe na kujaa matope, na ndiko panapohitajika nafasi kwa springi na shokomzoba zenye kupanda na kushuka sana. Kadhalika, uzito wa rejeta na maji yake ukienda nyuma huyapa magurudumu ya nyuma nguvu ya kushika mchanga.

Gharama yake si ndogo. Rejeta iliyo mbele hupewa upepo bure na mwendo wa gari. Iliyo nyuma imejificha kivulini mwa kibanda cha dereva, nayo huhitaji feni za umeme, kwani ile ya injini imebaki mbali. Mabomba hayana budi kupita urefu wa chesisi, maji yanaongezeka, na hewa ikinaswa mahali bomba linapopinda kwenda juu, injini huchemsha ingawa rejeta ni nzima. Kazi hiyo haiwezekani bila pampu. Ford Model T kwa sehemu kubwa ya maisha yake, tangu muda mfupi baada ya kutoka mwaka 1908, ilitegemea maji ya moto kupanda na ya baridi kushuka yenyewe. Rejeta yake isingeweza kupelekwa mbali na injini.

Basi kilichobaki palepale katika safari yote hiyo ni kazi: maji ya moto huingia, hewa hupita kati ya vijibomba, joto huondoka. Kwa hiyo tumependekeza fasili hii: "chombo chenye vijibomba ambamo maji ya injini hupozwa kwa hewa ipitayo kati yake." Mahali hapatajwi. Wapo waliotaka neno lenyewe pia libadilishwe, liwe "kipozamaji." Hatukukubali. Mafundi wote husema rejeta. Na zaidi ya hayo, neno la kigeni lililozaa rejeta linatokana na Kilatini chenye maana ya mwale, ilhali joto la chombo hiki huondolewa zaidi na hewa inayopita kuliko kwa mionzi. Mafundi wetu walipolikata na kulilainisha neno hilo, uongo wake ulibaki kwa wenyewe.

Tatizo lililotusumbua zaidi lilikuwa la neno dogo, nyuma. "Rejeta ya nyuma" yaweza kuwa ile ya Mack, nyuma ya injini, au ile ya Baja. Na "kuweka rejeta nyuma ya gari" kwa msomaji wa Kiswahili ni kuiweka chini, gari likiwa mbele yake, kama mtu aliyesimama nyuma ya gari. Twashauri iandikwe "nyuma ya injini" kwa maana ya kwanza, na "upande wa nyuma wa gari" kwa ya pili. Vilevile kuhamisha kusichanganywe na kubadilisha, kosa tuliloliona mara mbili katika tafsiri ileile: fundi aliyeambiwa abadilishe rejeta atanunua mpya na kuifunga palepale.

Limebaki neno moja. Juu au ubavuni mwa magari hayo huwekwa mdomo mpana wa bati unaopokea upepo na kuuelekeza kwenye rejeta. Mfasiri aliuita "kikinga upepo." Ni kweli kwamba twakinga maji ya mvua kwa ndoo, lakini twakinga upepo kwa ukuta, na msomaji ataelewa kinyume. Kwa sasa tumeandika "kidaka upepo." Walimu wa vyuo vya ufundi ambao mafundi wao wana jina jingine la kifaa hiki wanaombwa kutuandikia kabla orodha haijapelekwa kwenye kamati.