Damu Haina Badala



Majeruhi wa kifua akitokwa na damu nyingi, apewe nini? Mwaka 2001 Afrika Kusini iliidhinisha dawa iliyotokana na damu ya ng'ombe, lakini haikuenea duniani. Maji ya dripu hujaza mishipa, ila hayabebi hewa kama damu; yakizidi huweza kujaa mapafuni.

Hospitali ya Mbale ilishiriki utafiti wa watoto 3,141 wenye homa kali, Uganda, Kenya na Tanzania. Matokeo yalitoka 2011: kati ya kila 100 waliopewa maji mengi kwa haraka, zaidi ya 10 walifariki, wasiopewa, yapata 7.

Shule zikifungwa damu huadimika, maana wanafunzi ndio wachangiaji wakubwa. Wazazi, tujitokeze. Kuokoa uhai ni ibada.