Mpaka: Neno la Kuishia na la Kukutania

Neno "mpaka" kwanza ni nomino, na wingi wake ni "mipaka": mwisho wa shamba, wa mtaa au wa nchi. Kisha likawa kihusishi, watu wakasema "kutoka Bagamoyo mpaka Tabora" na "ngoja mpaka kesho". Mwisho wa ardhi ukawa mwisho wa safari, na mwisho wa safari ukawa mwisho wa muda.

Mkoa wa Singida unalifafanua neno hili vyema. Misafara ya karne ya 19 kutoka pwani, ilipokwisha kulipa hongo Ugogo, iliingia Mgunda Mkali, nyika kavu ambayo sehemu yake kubwa leo imo mkoani humo. Burton na Speke waliipita mwaka 1857. Kwa mpagazi, nyika ile ndiyo iliyokuwa mpaka hasa: nyuma Ugogo, mbele Unyanyembe. Upande wa kaskazini, Wanyaturu na Wanyiramba, wenye lugha za Kibantu, wamepakana na Wabarabaig wa Kiniloti, na pia Wahadzabe, ambao lugha yao haijulikani kuwa na ndugu. Kiswahili kikawa lugha ya kukutania. Hapo ndipo ilipo siri ya kitenzi "kupakana", jamaa ya "mpaka": hakitendwi na mmoja peke yake.

Wapo walimu na wahariri wanaotaka "mpaka" libaki nomino tu, na "hadi" ndilo liwe kihusishi. Nia yao ni kuepusha utata. Lakini "hadi" nalo asili yake ni nomino ya Kiarabu, "hadd", yenye maana ile ile ya ukomo. Anayeukimbia mpaka mmoja huangukia mwingine. Hata "till" ya Kiingereza, iliyotoka kwa watu wa Skandinavia, ni ndugu ya "Ziel" ya Kijerumani, yaani shabaha au mwisho wa mwendo.

La tatu ni "hata", kutoka "hatta" ya Kiarabu. Wazee walilitumia kwa maana ya mpaka, na hikaya zingali zimelihifadhi katika "hata siku moja".

Mshairi anayahitaji yote matatu. "Mpaka" lina mizani tatu, kwani "m" yake huhesabiwa. "Hadi" na "hata" zina mizani mbili mbili. Kulifuta mojawapo ni kumfungia njia aliyokwisha kuizoea, na njia hiyo ilifunguliwa zamani na miguu ya wapagazi na ndimi za majirani.